Ssese kwa tanga mwezi Julai: jibu kwa dada aliyeuliza kama waende

Dada mmoja wa Kampala ameniletea swali refu, nami nalifupisha. Yeye na mumewe wamenunua mashua ya matanga ya mtumba, futi 22, yenye kijumba cha kulala watu wawili na mashine ya petroli nyuma. Mpaka sasa wamekuwa wakiiendesha mwisho wa wiki ndani ya Ghuba ya Murchison, upande wa Kaazi na Munyonyo. Watoto wako bweni, na wao wanataka kuchukua siku kumi za Julai wavizunguke visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, wawili tu, wakilala chomboni. Mume anasema Julai ni kiangazi, mvua hakuna, kwa hiyo ziwa limetulia. Mke anaogelea kidogo; alijifunzia Mombasa. Anauliza mambo mawili: mume wangu anasema kweli? Na tukienda, tupitie wapi?

Dada, nendeni. Ila shemeji amechanganya mvua na upepo. Mvua hupungua kweli mwezi wa Julai. Upepo ndio kwanza unapata nguvu. Wewe uliyeishi Mombasa unaujua: ni kusi. Unatoka Bahari ya Hindi, unapita juu ya Kenya na Tanzania, na ukifika ziwani unakuta uwanja mpana usio na kilima cha kuuzuia. Kati ya Juni na Agosti husukuma ziwa kiasi kwamba maji ya juu hupoa na kuchanganyika na ya chini. Wavuvi wa upande wa kusini wa Bugala, kisiwa kikubwa cha Ssese, hawahitaji kalenda kujua mwezi umefika. Wanaona mawimbi yanavyopiga ufuo wao.

Angalia ramani utaelewa. Ziwa lina karibu kilomita za mraba 68,800. Kutoka maji ya Mwanza mpaka Ssese ni zaidi ya kilomita 200, na sehemu kubwa ya hapo ni maji matupu. Upepo wenye uwanja kama huo hujenga wimbi la maana. Na kwa kuwa ziwa hili ni la kina kifupi kwa ukubwa wake, wastani wa mita 40 hivi na pale penye kina zaidi ni kama mita 80, wimbi lake ni fupi na limesimama. Si kama lile refu la baharini linalokunyanyua taratibu na kukushusha. La huku linakwenda kama barabara ya murram iliyojaa matuta: omo, yaani pua ya chombo, haijainuka vizuri kutoka kwenye moja, la pili limeshaigonga. Mashua ya futi 22 ikielekezwa moja kwa moja kwenye wimbi la namna hiyo, yenye upepo wa noti 18 (kama kilomita 33 kwa saa) puani, haiendi popote. Inachosha watu tu, na watu waliochoka ndio wanaofanya makosa.

Kwa hiyo Julai ni mwezi mzuri wa kusafiri kwa tanga, kwa sababu upepo upo na unajulikana unatoka wapi. Kwa mtu anayetafuta maji yaliyolala, si mwezi wake.

Sasa nikuambie jambo ambalo naliona kubwa kuliko mwezi. Kwenye ziwa hili kinachoamua usalama wako ni saa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu inapanda, na upepo unatoka ziwani kuelekea ufuoni. Upande wetu wa Uganda huo ni upepo unaotoka kusini. Huanza kusikika saa nne au tano asubuhi, na kati ya saa nane na saa kumi alasiri ndipo unapokuwa na nguvu zake zote. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto lake la nyuzi 24 hadi 26, na upepo mwembamba unatoka nchi kavu kuelekea ziwani. Watu wa pwani huuita umande.

Pima hapo pamoja na kusi. Mchana, upepo wa ziwani na kusi vinasukuma upande mmoja, kutoka kusini kwenda kaskazini. Vinajumlishana. Ndiyo sababu ziwa lililokuwa kioo saa moja asubuhi linatoa povu jeupe saa tisa alasiri bila wingu hata moja angani. Alfajiri umande unapingana na kusi, na mara nyingi vinafutana, maji yanalala. Chombo kidogo cha watu wawili kinapaswa kuishi ndani ya dirisha hilo la asubuhi.

Ingekuwa rahisi kama mambo yangeishia hapo, lakini umande una kazi nyingine. Usiku unatoka pande zote za ziwa kwa wakati mmoja, kutoka Kenya, Tanzania na kwetu, unakutana katikati juu ya maji ya vuguvugu, na hewa ikikosa pa kwenda inapanda juu. Huko ndiko mawingu ya radi yanakozaliwa. Kampala hupata ngurumo zake nyingi alasiri. Ziwa hupata zake usiku. Kisha mawingu hayo huvutwa kuelekea magharibi, na yanafika Ssese na Entebbe kuelekea mapambazuko. Muulize mtu yeyote aliyelala Entebbe wakati wa masika ni saa ngapi radi humwamsha. Julai ngurumo hizo ni chache kuliko Aprili au Novemba, ila hazikosekani. Kalangala, wilaya ya visiwa hivi, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na neno kiangazi halina maana ile ile kule kama lilivyo Mbarara.

Unaona mtego ulipo: saa nzuri ya kung'oa nanga ndiyo saa ambayo dhoruba iliyozaliwa usiku inaweza kuwa bado njiani. Hapa hakuna hila, kuna kutazama tu. Saa kumi na moja alfajiri mmoja wenu atoke nje, asimame dakika kumi, atazame kusini na mashariki. Kukiwa na mmweko wa radi mahali popote upande huo, hata ule wa mbali usio na sauti, chemsheni chai na mkae. Dhoruba ikishapita, ngojeni saa nzima nyingine, maana mara nyingi ina mwenzake nyuma. Anga likiwa safi, ondokeni kukipambazuka, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi, na muwe mmetia nanga saa saba mchana. Watabiri wa hali ya hewa wa Uganda hutoa utabiri wa ziwa; usomeni kila jioni, na usiku wenye onyo la radi msipange safari ya asubuhi. Utabiri lakini hauoni wingu moja lililo juu ya kichwa chako. Macho huona.

Mkikutwa na dhoruba njiani, dalili yake ya mwisho ni pumzi ya ubaridi inayokuja ghafla kutoka upande wa wingu. Ukiisikia mashavuni, matanga yanashuka yote wakati huo huo, si baada ya kujadiliana. Mashine iwashwe, omo ielekezwe kwenye upepo, wote wawili wafungwe kamba chomboni, na mkono usiguse mlingoti wala nyaya zake. Upepo wa namna hiyo haudumu. Nusu saa, wakati mwingine chini ya hapo. Anayeumia ni yule aliyekuwa bado anavutana na tanga.

Sasa njia. Watu wengi wakisema Ssese wanafikiria Entebbe, kwa sababu meli ya MV Kalangala inatoka gati la Nakiwogo, Entebbe, na kufika Lutoboka, kisiwani Bugala, kwa muda wa saa tatu na nusu hivi. Meli haijali upepo. Nyinyi mkiifuata mtakuwa na kilomita 45 hadi 50, maili 25 za baharini, kuelekea kusini-kusini-magharibi. Kusi ikiwa imekaa kusini-mashariki mtaweza kulikaza tanga mkaenda joshi, yaani kuukaribia upepo, lakini ikifika saa tano upepo wa ziwani unahamia kusini kabisa na mnabaki kupiga bisho, huku na huku, mkiona kisiwa kile kile saa nzima. Nimeona wenye vyombo wakirudi Entebbe usiku kwa njia hiyo, wamekasirikiana.

Zungukeni kwa mwendo wa mishale ya saa: kwanza nendeni kusini upande wa mashariki, halafu mkate kwenda magharibi, halafu mrudi kaskazini. Tokeni Kaazi. Pale kuna Victoria Nyanza Sailing Club, na hata kama hamjajiunga, nendeni wiki moja kabla mzungumze na wenye mashua, wanayajua mawe na mabadiliko ya karibuni kuliko mimi. Kutoka Kaazi mpaka maji ya Ngamba na Koome ni kama kilomita 35, kusini karibu moja kwa moja. Huo ndio mguu pekee wa kwenda dhidi ya upepo katika safari yote, na ndio mnaouanza mkiwa na nguvu, karibu na nyumbani, na umande mgongoni kwa saa mbili tatu za mwanzo. Umande ukizimika, msione haya kuwasha mashine. Kusudi ni kufika upande wa mashariki mapema, kabla kusi haijaamka.

Njiani hapo mtaukata mstari wa ikweta. Watu hulipa kwenda kupiga picha pale Kayabwe kwenye barabara ya Masaka; nyinyi mtaupita juu ya maji bila tiketi, na kama shemeji ana simu yenye kuonyesha mahali mtauona ukibadilika kutoka kaskazini kuwa kusini. Kisiwa cha Ngamba ni makazi ya sokwe waliookolewa, tangu 1998, na hakifikiwi kiholela. Ukitaka kuwaona weka miadi mapema, la sivyo kipiteni. Laleni Koome.

Mguu wa pili, kutoka Koome mpaka Bukasa, ndio utamu wenyewe. Ni zaidi ya kilomita 40 mkielekea kusini-magharibi, na sasa kusi inawapiga ubavuni, mkono wa kushoto. Mashua hupenda upepo wa hapo kuliko wowote. Lakini pia ndio mguu ulio wazi zaidi, hakuna kisiwa kikubwa cha kuwakinga na maji ya kusini, kwa hiyo siku yake ichagueni. Kama jana yake alasiri upepo ulivuma mpaka giza bila kupungua, wimbi halitakuwa limelala asubuhi. Kaeni Koome siku ya pili. Ndiyo maana siku kumi ni sawa: safari yenyewe haizidi siku tano au sita, zilizobaki ni za kungoja. Mtu akipanga siku kumi za kwenda, atajikuta siku ya nane anaondoka kwenye hali ambayo siku ya pili angeikataa.

Punguzeni tanga kabla ya kutoka. Tanga lililopunguzwa nanga ikiwa bado chini ni kazi ya dakika mbili. Likipunguzwa katikati ya wimbi ni kazi ya vidole kuvunjika. Kama hamjawahi kulipunguza mashua ikiwa mbioni, fanyeni hivyo mara kadhaa ndani ya Ghuba ya Murchison mwezi Juni, mpaka kila mmoja aweze peke yake.

Kutoka Bukasa kwenda Bugala mnapita kati ya visiwa, chini ya kilomita 30, upepo nyuma. Wilaya ya Kalangala ina visiwa 84, na eneo hili ndilo la kustarehe: jiwe hapa, msitu pale, ndege wengi. Bubembe kiko huko. Ndicho kisiwa cha hekalu la Mukasa, ambaye Waganda wa zamani walimwomba samaki, upepo mwema na watoto. Bado ni mahali pa heshima kwa watu wengi. Mkitaka kushuka, mtafuteni mzee wa mwaloni (ufuo wa wavuvi) kwanza, msalimieni, muulize. (Na kwa kuwa sifa kubwa ya Mukasa ni kutoa mapacha, kama nyinyi mmeshamaliza habari ya kuzaa, labda mpite mbali kidogo.) Bugala chenyewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote, mtakiona kwa mbali kina rangi mbili za kijani: msitu wa asili na mashamba ya michikichi. Kalangala mtapata soko, petroli, zahanati na kitanda kisichoyumba. Usiku mmoja wa hoteli si dhambi.

Kurudi, kutoka Bugala mpaka Entebbe, mnaelekea kaskazini-kaskazini-mashariki na kusi iko mkono wa kulia, nyuma kidogo ya ubavu. Mtajisikia mabaharia wa kuzaliwa. Hapo ndipo nataka muwe waangalifu zaidi, kwa sababu upepo wa nyuma hudanganya. Chombo kikikimbia nao, unausikia mdogo kuliko ulivyo, unaacha tanga zima juu, na ufuo wa Entebbe unakungoja na mawimbi yote ya alasiri yaliyorundikana. Tanga likigeuka lenyewe upande wa pili, ule mti wake wa chini unapita na nguvu ya kuvunja kichwa. Ondokeni mapema, tanga limepunguzwa, mti umefungwa kamba ya kuuzuia. Ni saa sita au saba za mwendo, mrefu kuliko ule nilioupenda, kwa hiyo mguu huu unahitaji asubuhi safi kuliko yote.

Kuhusu nanga, kanuni ya Julai ni kulala upande wa kaskazini au kaskazini-magharibi wa kisiwa, kilima kikiwa kati yenu na kusi. Lakini dhoruba ya alfajiri haina mlango, inaweza kuja kutoka upande ulio wazi. Acheni nafasi ya chombo kuzunguka pande zote, na mtoe mnyororo na kamba mara tano hadi saba ya kina cha maji. Tope hushika vizuri. Majani na mawe hapana. Na msiingie ghuba msiyoijua baada ya jua kuchwa. Hapa ikweta giza halipigi hodi, jua likizama saa moja kasoro jioni, dakika ishirini baadaye huoni mkono wako.

Kuna jambo lingine la ufuo. Mwaka 2020 ziwa lilijaa mpaka likapita alama ya 1964 iliyokuwa ya juu kuliko zote. Lilimeza magati, kuta za hoteli, miti na viwanja. Maji hupanda na kushuka, lakini visiki na misingi ya nyumba bado vimo chini kwenye ghuba nyingi, na ramani ya simu haivionyeshi. Mwaka huo huo kisiwa kinachoelea cha majani na udongo kilisukumwa mpaka bwawa la Nalubaale, Jinja, nchi ikakosa umeme. Kisiwa cha namna hiyo, au hata kipande tu cha gugu maji, kikikutana na mashua iliyotia nanga usiku, nanga inang'oka. Ingieni ghuba pole pole, mtu mmoja amesimama omo akitazama maji, jua likiwa juu au nyuma yenu.

Nyavu. Nyavu za sangara, wanaoitwa mputa, hutegwa usiku na hushikiliwa na madumu ya plastiki, mengi bila taa. Zikizunguka usukani au panga la mashine, mmekwama, na mmeharibu mali ya mtu. Wavuvi wa mukene, dagaa wa ziwa, nao hutoka na taa usiku wa giza na hupumzika mwezi ukiwa mpevu. Kwa hiyo pangeni mwezi mpevu uangukie katikati ya siku zenu kumi: maji yana watu wachache, na nyinyi mnaona. Hii haina maana kwamba nimewaruhusu kusafiri usiku.

Mashine: tuko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo mashine ya petroli hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Chukueni petroli mara mbili ya hesabu ya shemeji. Mkipita kwenye gugu maji, zimeni, inueni mashine, toeni majani, na mkiiwasha tena angalieni kama inatema maji ya kupozea.

Sasa nizungumze nawe, dada, kuhusu kuogelea. Mombasa chumvi ilikubeba. Maji ya ziwa hayana chumvi na hayakubebi kiasi kile, na kwenye wimbi fupi hata muogeleaji hodari humeza maji. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe tangu nanga inang'oka mpaka inashuka, nanyi wote wawili, likiwa na kamba ya katikati ya miguu ili lisikupande kichwani. Novemba 2018 meli ya starehe ya MV Templar ilipinduka karibu na Mutima, Mukono, si mbali na nchi kavu, na watu zaidi ya 30 wakafa. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, na wengi hawakuwa wamevaa majaketi. Chombo chenu hakitajaa, lakini jaketi lililo chini ya kitanda ni sawa na lililobaki dukani.

Na chomboni mkiwa wawili, mmoja akianguka aliyebaki yuko peke yake. Naamini shemeji ndiye nahodha, kwa hiyo mtu anayetakiwa kujua kuisimamisha mashua, kushusha matanga, kuwasha mashine na kumrudia aliye majini ni wewe. Yeye labda ni mzito kukuzidi. Bila ngazi inayofika chini ya maji hutamtoa. Fanyeni mazoezi hayo ghubani, kwanza kwa dumu lililojazwa maji nusu, halafu kwa shemeji mwenyewe akiwa na jaketi, kwenye kina na mbali na matete. Na kwa heshima zote, mwambie atumie ndoo. Mabaharia wa pwani wanajua wanaume wangapi wameangukia majini wakiwa wamesimama ukingoni kwa haja ndogo.

Kubalianeni kabla ya kutoka kwamba yeyote akisema "turudi", mnarudi, na maswali yataulizwa nanga ikiwa chini. Ndoa nyingi zinaweza kustahimili likizo iliyokatizwa.

Karatasi hazina maneno mengi. Sheria ya usafiri wa majini ya 2021 inataka chombo kiandikishwe na kiwe na vifaa vya usalama. Malizeni hayo na idara ya usafiri wa majini iliyo chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, na nakala ziwe kwenye mfuko usioingia maji. Mtakutana na polisi wa majini, au pengine wanajeshi wa kikosi cha kulinda uvuvi, waliopelekwa ziwani mwaka 2017. Punguzeni mwendo, salimieni, toeni karatasi. Msinunue samaki wachanga hata kwa huruma. Wakikutwa chomboni, maelezo ni marefu.

Chakula ni jambo jepesi: ngege (sato) na mputa mtapata mwaloni, matooke, mihogo na mayai vile vile. Jiko la gesi dogo lililofungwa imara linatosha, sigiri ya makaa isiingie kijumbani, si kwa moto tu bali kwa moshi wake unaoua waliolala. Chukueni nguo nzito. Julai alfajiri hushuka mpaka nyuzi 17 hivi, na mtu aliyelowa na kupigwa upepo hutetemeka hata kwenye ikweta. Chandarua ni lazima, malaria ipo visiwani. Mkiona moshi mweusi juu ya maji unawajia, ni inzi wa ziwa. Fungeni kijumba, funikeni pua na mdomo, zimeni taa.

Kichocho ndicho ambacho wageni husahau. Konokono wake huishi maji ya kina kifupi, penye majani na karibu na makazi ya watu, kwa hiyo msisimame majini kwenye matete mkiisukuma mashua, na kuoga kuwe kwa maji yaliyochotwa kwenye kina au yaliyokaa ndooni zaidi ya siku moja. Ya kunywa chemsheni. Mkirudi, baada ya wiki sita hadi nane, nendeni mkapimwe hata kama hamjisikii chochote. Dawa ya prazikwanteli inatibu vizuri.

Mwisho ni simu. Mtandao hupatikana karibu na visiwa vikubwa na hupotea kati ya Koome na Bukasa. Mwachieni mtu mmoja wa nchi kavu, asiye na hofu nyingi wala usahaulifu, karatasi yenye rangi ya mashua, rangi ya matanga, namba zenu, na ghuba mnazotarajia kulala. Kila siku mkishatia nanga mpelekeeni ujumbe. Ikifika saa kumi na mbili jioni hajaupata, apige simu. Akiwakosa wote wawili, apige polisi, 999 au 112, jua likiwa bado halijazama. Ujumbe wenyewe uwe mfupi: mko wapi, mmetia nanga saa ngapi, na kesho mnakusudia kwenda wapi au mmeamua kungoja.